Pepo za Ziwani na Mahali pa Kutia Nanga

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kila mmoja na achukue daftari na kalamu. Kama darasa lenu lina ramani ya Tanzania, itundikeni ukutani mahali ambapo wote mtaiona.

Leo hatuendi mbali. Ninyi mlioko Kamanga, simameni ufukoni mtazame mashariki. Ng'ambo ile ni Mwanza, na maji yaliyo katikati yenu na mji ni Ghuba ya Mwanza. Mkiyafuata maji hayo kwenda kaskazini mtatokea katika ziwa lenyewe, na huko mtakuta visiwa: Kome na Maisome upande wa magharibi, Ukerewe na Ukara upande wa kaskazini, na mbali zaidi, karibu na pwani ya Bukoba na Muleba, kisiwa cha Bumbire. Katika somo hili tutajifunza jinsi watu wa zamani walivyosafiri kati ya visiwa hivi wakati wa upepo, na jinsi walivyotafuta mahali pa kutia nanga na kulala. Jambo hili laonekana dogo, lakini kwa ajili yake watu wengi wamekufa ziwani, na wengine wengi wamepona.

Kwanza tujue ziwa lenyewe. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 68,800, na hakuna ziwa jingine katika Afrika lililo kubwa kama hili. Lakini si ziwa la kina kirefu. Mahali penye kina kuliko pote hapazidi sana mita 80, na sehemu nyingi ni nusu ya hapo au chini zaidi. Mtu aweza kudhani kwamba maji ya kina kifupi ni maji salama. Sivyo. Upepo mkali ukipiga juu ya maji ya kina kifupi, mawimbi huwa mafupi, yamesimama, na hufuatana upesi. Chombo hakijapanda wimbi moja vizuri, la pili limekwisha kufika. Mabaharia wa pwani, waliozoea mawimbi marefu ya Bahari ya Hindi, walipofika hapa walishangaa jinsi maji matamu yanavyoweza kuingia chomboni upesi namna hii.

Sasa upepo. Wavuvi wenu wanaujua kuliko mimi, lakini tuieleze sababu yake. Mchana jua huchoma nchi kavu, nayo hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Kwa hiyo upande wetu huu wa kusini, baada ya adhuhuri upepo hutoka ziwani, yaani kaskazini au kaskazini-magharibi, ukaingia ndani ya ghuba. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo hizo za usiku, zinazotoka pande zote za ziwa, hukutana katikati. Hewa hupanda, mawingu hujikusanya, na ndiyo sababu radi na tufani kubwa za ziwa hili hupiga sana usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wako majini. Tena katika miezi ya Juni, Julai na Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa pwani huuita kusi, nao huuongezea nguvu upepo wa asubuhi.

Andikeni jambo hili katika daftari, maana tutalihitaji mbele: mahali palipo shwari asubuhi huenda pakawa pabaya mchana, kwa kuwa upepo umegeuka.

Tujifunze na maneno machache ya mabaharia. Nanga mnaijua. Kamba ya nanga huitwa amari. Upande wa chombo au wa kisiwa unaopigwa na upepo huitwa joshini, na upande uliokingwa huitwa demani. Mwenye chombo anayetaka kulala salama huzunguka kisiwa mpaka afike demani, ili kisiwa chenyewe kiwe ukuta wake. Akitia nanga joshini, na nanga ikaachia, upepo utamsukuma moja kwa moja mpaka kwenye mawe. Na mawe ya Mwanza mnayajua yalivyo: si yale tu yaliyosimama juu ya maji, bali na ndugu zake waliojificha chini.

Mitumbwi ya zamani ilitia nanga ya jiwe lililofungwa kamba. Nanga ya jiwe hushika kwa uzito wake tu. Nanga ya chuma yenye makucha hushika kwa kuchimba mchanga au tope, lakini haiwezi kuchimba kama amari ni fupi. Kamba fupi huinua nanga juu. Kamba ndefu huivuta kwa ubavu, nayo ikazidi kuzama. Ndiyo maana mabaharia hulegeza amari mara tano au mara saba ya kina cha maji, na zaidi upepo ukizidi. Watu wengi hudhani uzito wa nanga ndio unaookoa chombo. Mara nyingi ni urefu wa kamba.

Kuna tofauti nyingine moja kubwa kati ya ziwa na bahari. Pwani, bahari hujaa na kupwa. Nahodha wa jahazi hulipeleka karibu na ufuko maji yamejaa, maji yakipwa jahazi hukaa mchangani, mafundi wakalikarabati, kisha maji hulirudisha lenyewe. Ziwani hakuna maji kujaa na kupwa namna hiyo. Chombo chepesi, kama mtumbwi, watu hukivuta kwa mikono mpaka nchi kavu, na mtumbwi uliolala nchi kavu hauogopi upepo. Chombo kizito hakivutiki. Hicho lazima kitie nanga majini, na lazima mwenyewe ajue demani iko wapi. Wenyeji wa visiwa walijenga vyombo vyao kwa kulifuata jambo hilo. Waganda na watu wa visiwa vya Ssese, kwa mfano, walishona mbao kwa nyuzi za miti bila msumari hata mmoja, wakapata mtumbwi mrefu wenye makafi mengi ambao bado watu wake waliweza kuuvuta ufukoni. Hata leo mitumbwi ya mbao ya wavuvi huitwa sese katika sehemu nyingi za ziwa.

Basi, sasa tuingie katika historia iliyoandikwa. Nawaonya mapema kwamba walioandika ni wageni. Wenyeji walikuwa wakivuka ziwa hili zamani sana kabla yao, kupeleka samaki, chumvi, majembe na ndizi. Lakini wao hawakuandika kitabu. Kwa hiyo tutasoma maneno ya wageni kwa uangalifu, kama vile hakimu anavyomsikiliza shahidi mmoja wakati shahidi wa pili hakuja barazani.

Mgeni wa kwanza tutakayemtaja ni Mwingereza, John Hanning Speke. Alifika karibu na Mwanza mwisho wa Julai mwaka 1858, na tarehe 3 Agosti akapanda kilima akayaona maji mapana. Akalipa ziwa jina la malkia wake, Victoria, ingawa Waarabu na watu wa pwani walikuwa wakiliita Bahari ya Ukerewe, na wenyeji waliita Nyanza tu, yaani maji makubwa. Akasema hapa ndipo Mto Nile unapotoka. Lakini Speke hakuwa na chombo. Alikaa siku chache akarudi, na huko Uingereza wataalamu wakabishana naye: je, ni ziwa moja au ni maziwa mengi madogo? Mwenzake wa safari, Richard Burton, alimpinga waziwazi. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwezi wa Septemba mwaka 1864, siku moja kabla ya mkutano ambao wangebishana mbele ya watu. Ubishi huo wote ulitokana na jambo moja: hakuna hata mmoja kati yao aliyelizunguka ziwa kwa mashua.

Aliyelizunguka ni Henry Morton Stanley. Huyu alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na msafara wa watu zaidi ya 300, wengi wao Wangwana wa Unguja na watu wa pwani. Walibeba mashua iliyokatwa vipande, jina lake Lady Alice, urefu wake futi 40. Tarehe 27 Februari 1875 wakafika Kageye, kijiji cha ufuko wa Ghuba ya Speke, kaskazini-mashariki ya Mwanza. Mashua ikaungwa. Stanley akauliza ni nani atakayekwenda naye kwa hiari yake. Hakuna aliyejibu.

Msiwacheke watu hao. Walikuwa wamesikia mengi hapo Kageye: kwamba ziwa ni kubwa hata mtu atachukua miaka kulizunguka, kwamba ng'ambo wako watu wenye mikia, na wengine wanaokula watu. Hata mtu asiyeamini habari za mikia alijua kwamba anakwenda kulala kila usiku katika ufuko asioujua, mbele ya watu asiowajua. Mwishowe wakachaguliwa vijana kumi na mmoja, pamoja na nahodha wao Wadi Safeni na kijana hodari aitwaye Uledi. Akachukuliwa na kiongozi wa njia, mtu wa pale Kageye, jina lake Saramba. Wakatweka tanga tarehe 8 Machi 1875. Kazi ya kuendesha mashua ile ilifanywa na hao, watu weusi wa pwani na wa ziwani, na ni haki majina yao yatajwe kila linapotajwa jina la Stanley.

Walifuata pwani ya Ghuba ya Speke, wakaizunguka Ukerewe, wakaona mlango mwembamba wa Rugezi unaokitenga kisiwa na nchi kavu, palepale kinapopita kivuko cha Rugezi na Kisorya siku hizi. Wakapanda kaskazini kwa pwani ya mashariki, wakafika mahali Mto Nile unapotoka, na mwanzo wa Aprili wakapokewa na Kabaka Mutesa wa Buganda. Ikathibitika kwamba ziwa ni moja. Ubishi wa Uingereza ukaisha.

Lakini somo letu ni la nanga, na habari ya nanga iko katika safari ya kurudi.

Stanley alirudi kwa pwani ya magharibi. Kabaka alikuwa amemwahidi mitumbwi ya kumsindikiza, lakini mkuu wa mitumbwi hiyo alikawia, na Stanley hakungoja. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mambo yalipoharibika. Mtu aliyesindikizwa na mitumbwi ya Kabaka alijulikana katika pwani ile. Mashua ngeni iliyo peke yake haikujulikana. Chakula kikawa haba. Wakalala kisiwani Musira, mbele ya Bukoba, wakaenda kisiwa kingine, wakapata chakula kidogo sana, na mvua na upepo vikawapiga. Tarehe 28 Aprili, wakiwa na njaa na wamelowa, wakaona kisiwa kikubwa chenye migomba, mbuzi na ng'ombe. Kilikuwa Bumbire.

Angalieni. Kwa upande wa upepo, mahali pale palifaa. Palikuwa na ufuko, palikuwa na kinga, na ndani ya mashua walikuwamo watu wenye njaa. Safeni na wenzake wakataka wakaribie. Watu wa Bumbire wakashuka ufukoni wengi, wakaishika mashua, na kuivuta pamoja na waliomo mpaka nchi kavu. Wakachukua makasia. Kwa saa kadhaa pakawa na mazungumzo na vitisho. Mwishowe Wangwana wakaisukuma mashua mpaka majini kwa ghafula, Stanley akapiga bunduki, watu wa kisiwa wakafa, na mashua ikatoka.

Ikatoka bila kasia hata moja. Wakang'oa mbao za ndani ya mashua wakazitumia kama makafi. Usiku tufani ikawakuta mahali wazi. Hawakuweza kushindana nayo. Wakaiacha mashua ichukuliwe, wakawa wanafua maji, yaani kuyatoa maji yanayoingia, usiku kucha. Siku ya pili yake, tarehe 30, wakafika kisiwa kisicho na watu. Hapo wakapata ndege wawili, ndizi kidogo na matunda ya mwitu, wakalala. Stanley akakiita Kisiwa cha Kimbilio. Tarehe 6 Mei wakarudi Kageye. Mmoja wa wenzake Waingereza aliowaacha pale, Frederick Barker, alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa tangu tarehe 23 Aprili.

Je, kwa nini watu wa Bumbire walifanya hivyo? Stanley alijibu kwa maneno ya hasira, kwamba ni watu wakali. Sisi tujiulize kama watu wazima. Mashua isiyojulikana imekuja, ina watu wenye bunduki, haina mjumbe, haina zawadi iliyotangulia, na haina mtu wa kisiwa cha jirani wa kusema, "Hawa nawajua." Mwenye kijiji gani asingeshuka ufukoni na watu wake? Kuchukua makasia ni njia ya kumzuia mgeni asiondoke kabla neno lake halijajulikana. Nasema hivi si kwa kuwasifu, bali kwa sababu baraza hili lina shahidi mmoja tu.

Na huyo shahidi alirudi. Mwezi wa Juni Stanley alipata mitumbwi kwa Mtemi Lukonge wa Ukerewe, ili ahamishe msafara wake wote kwa njia ya maji. Mingi ya mitumbwi hiyo ilikuwa imechakaa. Usiku wa kwanza, kati ya maji, mitano ikavunjika na kuzama gizani. Kwa bahati, Lady Alice na mitumbwi mingine iliwaokota watu wote. Kisha, tarehe 4 Agosti 1875, akiwa na bunduki nyingi na Waganda pamoja naye, Stanley akaenda tena Bumbire. Safari hii hakutafuta demani wala chakula. Akawapiga risasi watu waliokusanyika ufukoni, hali wao wana mishale na mikuki tu. Kwa hesabu yake mwenyewe waliokufa walizidi 30, na majeruhi walikuwa wengi zaidi. Habari hiyo ilipotangazwa magazetini huko Uingereza, hata wenzake wengi walimlaumu.

Sasa tuone habari ya pili, ya miaka miwili baadaye. Wamisionari wa Kianglikana walifika Kageye mwanzo wa mwaka 1877, wakielekea kwa Kabaka Mutesa. Mkubwa wao, Shergold Smith, alikuwa afisa wa manowari, mtu wa bahari kabisa. Walikuwa na mashua yao, jina lake Daisy. Tena kulikuwako Ukerewe mfanyabiashara wa pwani, Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi kwa mbao za kisiwa hicho. Wamisionari wakataka kulinunua jahazi lile. Ndipo ukatokea ugomvi: Mtemi Lukonge alisema mbao za nchi yake hazijalipwa. Songoro akakimbilia kwa wamisionari, Mtemi akataka atolewe, wakakataa. Mwezi wa Desemba 1877 Smith, mwenzake O'Neill, na Songoro wakauawa pamoja na watu wao wengi. Hawakuuawa na tufani. Walikuwa nchi kavu, katika kisiwa chenye bandari nzuri, na kati yao alikuwamo mtu aliyejua nanga na upepo kama mtu yeyote wa wakati ule. Deni la mbao ndilo lililowamaliza.

Habari ya tatu naipenda zaidi. Mwaka 1878 fundi mmoja Mskoti, Alexander Mackay, alifika Kageye akaikuta Daisy imechakaa. Akaitengeneza, na mwezi wa Agosti yeye na mwenzake Wilson wakaondoka kwenda Buganda. Tufani ikawakuta upande wa magharibi, nanga haikufaa kitu, na mawimbi yakaitupa mashua ufukoni ikavunjika vibaya. Ni pwani ileile ya magharibi ambayo Stanley alikuwa amepita akipiga bunduki miaka mitatu tu kabla yake. Mackay hakuwa na mahali pa kukimbilia. Akakaa hapo majuma manane. Akaikata mashua, akaondoa kipande cha futi nane katikati, akaunga omo na tezi, yaani mbele na nyuma, na mbao za kile kipande alichokiondoa akaziba matundu mengine yote. Yeye mwenyewe alifananisha kazi hiyo na kushona jozi ya viatu kutoka katika buti ndefu. Mwezi wa Novemba Daisy iliyofupishwa ikafika kwa Kabaka.

Majuma manane ni muda mrefu. Mtu hawezi kukata na kupigilia mashua ufukoni kwa majuma manane kama wenye ufuko hawataki. Wenyeji walimwacha afanye kazi yake, akanunua chakula kwao, akaenda zake. Ukiweka habari ya Bumbire upande mmoja na habari ya Daisy upande wa pili, utaona kwamba Mackay alipata upepo mbaya na ufuko mwema, na Stanley alipata ufuko wenye kinga nzuri ambao watu wake hawakumkubali. Mabaharia wa zamani wa visiwani walitafuta vyote viwili. Mtu wa Ukerewe aliyekwenda Kome au Maisome alijua demani ya kila kisiwa, na alijua tena ni ukoo gani ulio na mwanamke wa kwao, ni nani mchanja damu wa baba yake, na ni kwa nani atapewa moto na ugali jua likishuka. Ramani ya Stanley ilionyesha visiwa. Ramani ya mtu huyu ilionyesha visiwa na jamaa.

Baadaye zikaja meli za moshi, nazo nitazipita upesi. Ya kwanza ya Waingereza iliitwa William Mackinnon. Vipande vyake vilitoka Uingereza, vikabebwa kutoka pwani ya Mombasa kwa miaka mingi, na meli ikashushwa majini huko Kisumu mwaka 1900. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli kubwa zaidi zikafuata, kama Winifred mwaka 1902. Wakati huohuo afisa mmoja wa manowari, Whitehouse, alilizunguka ziwa akipima kina na kuchora miamba. Hata hivyo miamba haikuisha. Mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli Sybil iligonga mwamba upande wa Majita, ikabidi ipandishwe ufukoni isizame. Mwaka 1961 ikaanza kazi meli Victoria, ambayo wazee wenu wengi waliipanda kwenda Bukoba, na ambayo ilirudishwa kazini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa.

Siku hizi mtu wa Sengerema ana njia nyingi. Ipo pantoni ya Kamanga, na tangu Juni 2025 lipo daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ya ziwa. Lakini nisiwadanganye kwamba hatari imekwisha. Meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, watu mamia wakafa. Kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228. Hakuna hata moja kati ya misiba hiyo miwili iliyoletwa na tufani. Kivuko cha Nyerere kilikuwa kimepakia zaidi ya mara mbili ya idadi ya watu kilichoruhusiwa, tena kilikuwa kimebakiza mita chache tu kufika gati. Nimetaja jambo hili kwa sababu husikia watu wakisema "upepo wa ziwa umekula watu," hata siku ambayo upepo haukuwapo.

Wavuvi wenye mitumbwi ya sese na mashine ya nje bado wanalala visiwani kama zamani, na habari za Safeni na Uledi ni habari zao. Kama mwaenda na mtu wa namna hiyo, mwulizeni amari yake ina pima ngapi. Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Akisema pima tano, naye anatia nanga mahali penye kina cha pima tatu, ninyi mmekwisha jua hesabu iliyobaki.

Sasa zoezi la juma hili. Fungueni ramani, tafuteni kisiwa cha Kome. Mmefika hapo kwa mtumbwi mzito saa moja asubuhi, mwezi wa Julai, na upepo wavuma kutoka kusini-mashariki. Swali la kwanza: mtatia nanga upande gani wa kisiwa? Swali la pili ni gumu zaidi. Saa nane mchana upepo umegeuka, sasa watoka kaskazini-magharibi, nanyi mmekwenda kijijini kununua mihogo. Mtumbwi wenu uko demani au uko joshini? Mngefanya nini asubuhi ile ili usivunjike? Na swali la tatu liandikeni kwa sentensi tatu au nne: kabla ya kushuka ufukoni, mtamtuma nani kijijini, na atasema nini?

Mwalimu wenu akusanye majibu, ayasome mbele ya darasa, na wavuvi walio darasani ndio watakaosahihisha.